Mche Haukuzwi na Ukubwa wa Chungu

Katika vitalu vya maua vilivyojipanga kando ya barabara za Dar es Salaam na Nairobi, mnunuzi huuziwa mche na hapo hapo hupewa ushauri. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na sehemu yake ni kweli. Lakini likija swali la mche uhamishiwe chombo cha ukubwa gani, mengi yanayosemwa huua mimea, kisha aliyeinunua huambiwa kwamba hana mkono wa kupanda. Nayajibu madai hayo hapa kwa sababu vifo hivyo vina chanzo kinachojulikana, na vinazuilika.

Dai la kwanza, linalosikika kuliko yote: "Nunua chungu kikubwa kabisa, usihangaike kuhamisha tena."

Linavutia kwa kuwa linaokoa kazi na fedha. Tupige hesabu. Chungu chenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 10 huchukua kama robo tatu ya lita ya udongo. Chungu cha sentimita 30 kwa 30 huchukua lita 21. Upana umeongezeka mara 3, udongo umeongezeka mara 27. Mche uliotoka katika kile chungu kidogo una mizizi ya kutosha robo tatu ya lita tu. Ukiumwagilia, maji huenea katika lita zote 21, nayo mizizi hunywa yale yaliyo karibu nayo. Yaliyobaki hayana mnywaji. Yatakauka kwa kupitia juu ya udongo, polepole, na sebuleni ambako hakuna jua kali wala upepo yatakawia zaidi.

Udongo ulioloa hivyo hauna nafasi ya hewa, na mizizi inapumua. Ikikosa oksijeni huanza kufa, kisha vimelea vya kuozesha mizizi kama Pythium na Phytophthora, vinavyostawi penye maji mengi, humalizia kazi. Linaloniumiza zaidi ni kwamba dalili zake hufanana na za kiu: majani hulegea na kugeuka manjano. Mwenye mmea huona majani yamelegea, huchukua kopo na kuongeza maji. Ameuzamisha mmea wake akidhani anauokoa.

Kwa mimea ya ndani, kipimo ninachokitetea ni chungu kipya kuzidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 za upana, basi. Anayeona huo ni ubahili aangalie tena hesabu: kutoka sentimita 10 kwa 10 hadi 15 kwa 15, udongo tayari umezidi mara tatu.

Kuna mahali dai hili limepata wafuasi wake kwa haki. Mche wa nyanya au pilipili hoho, ukiwa barazani penye jua, unaweza kutoka kitaluni na kuingia moja kwa moja katika ndoo ya lita 20. Nyanya hukua kwa pupa, huijaza ndoo mizizi kwa muda mfupi, na jua hukausha kinachobaki. Kosa ni kuchukua kanuni ya nyanya na kuibebesha Zamioculcas, ule mmea wa majani yanayong'aa unaouzwa sana kwa ajili ya ofisi. Huo ni mmea wa kwetu, unaota wenyewe Afrika Mashariki, na huweka akiba ya maji katika shina lake nene la chini ya udongo. Unakunywa kidogo na kukua taratibu. Ndoo ya lita 20 yenye udongo mbichi ni kaburi lake.

Wa upande wa pili husema: "Mmea hupenda kubanwa. Ukibanwa ndipo huchanua."

Ukweli wa dai hili unatoka nyumbani kabisa, Milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliliona ua dogo la zambarau na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliita Saintpaulia, na tangu hapo limepandwa madirishani Ulaya na Marekani. Porini hukaa kwenye nyufa za miamba chini ya kivuli cha msitu, penye udongo haba. Ndiyo maana wakuzaji wake huupa mmea huo chungu chenye upana wa theluthi moja tu ya upana wa majani yake, nao huchanua vizuri.

Lakini Saintpaulia haisemei mimea yote. Mwaka 2012 Hendrik Poorter na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio mengi kuhusu vyungu, wakaona kwamba ujazo wa chombo ukiongezwa mara mbili, uzito wa mmea huongezeka kwa wastani wa asilimia 43. Nyanya iliyoachwa katika kopo la lita mbili hudumaa, huomba maji asubuhi na jioni, na huzaa matunda ya kuhesabika. Kumwambia mtu kwamba mmea wake umedumaa kwa kupenda ni kumpotosha. Na asitokee wa kuichukua asilimia hiyo kulitetea dai la kwanza: mmea unahitaji nafasi kadiri unavyoweza kuitumia, na mche mdogo bado hauiwezi.

Sasa kokoto. "Chungu kikiwa kikubwa mno, weka kokoto chini, maji yatatoka." Ushauri huu nimeusikia hata kwa watu wenye elimu ya kilimo, na hauna msingi. Udongo laini huyashika maji katika vitundu vyake vidogo. Hayashuki kwenye mianya mikubwa ya kokoto mpaka udongo ulio juu yake umejaa kabisa. Walter Gardner, mtaalamu wa fizikia ya udongo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, aliyaonyesha hayo kwa filamu tangu 1959. Kwa hiyo kokoto haziliondoi tabaka la maji, zinalipandisha tu, likaifikia mizizi mapema zaidi.

Jaribu mwenyewe kwa sifongo ya kuoshea vyombo. Iloweshe, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe kwa upande wake mrefu. Itadondosha tena. Maji ni yale yale, kimo ndicho kimebadilika. Hivyo basi, kati ya vyombo viwili vya lita sawa, kile kirefu hubaki na hewa zaidi juu, na lile beseni pana la kina kifupi hukaa na maji. Kutaja lita peke yake hakutoshi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi nacho hukauka haraka kuliko cha plastiki cha ukubwa ule ule. Na chungu cha urembo kisicho na tundu, ukubwa wowote, usipandie.

La mwisho: "Usiiguse mizizi, utaua mche." Kwa mpapai na jamii ya matango nakubali, ni miepesi kushtuka. Lakini mche wa mwembe au mchungwa uliokaa kupita kiasi katika kiriba, mizizi ikazunguka na kusukana chini, ukiupanda hivyo hivyo mizizi hiyo itaendelea kuzunguka hata ardhini. Chana kiriba, kitoe chote, kata mizizi iliyojizungusha kwa kisu safi. Kuuhurumia mche siku hiyo ni kumnyima mwenye shamba mti imara baadaye.

Basi kabla ya kulipa, mwombe muuzaji autoe mche chomboni, bonge la udongo lionekane. Mizizi myeupe imelishika bonge lote: hamishia hatua moja juu. Bonge linavunjika, mizizi bado haba: uache ulipo. Mizizi ya kahawia inayoteleza na kunuka: urudishe. Na muuzaji anayekataa kukuonyesha mizizi, usinunue kwake.