Mzazi Naye Aulizwe

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hii twaisema kila siku, lakini twaisahau pale pale inapohitajiwa: kwenye kitanda cha kuzalia.

Katika Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, wako mabinti zetu waliofuata kazi na waume. Na huko Makina wako Waislamu wenzetu, Wanubi, tangu enzi za ukoloni. Mzazi hufika kituoni na hofu mbili: hofu ya kuzaa na hofu ya kukemewa. Alale chali au achutame? Aongezewe njia au angojwe? Mara nyingi mashauri haya hukatwa pasipo yeye kuulizwa, ilhali mwili ni wake.

Haya si maneno ya barazani. Utafiti wa mradi ulioitwa Heshima, uliochapishwa mwaka 2015, uliwauliza wanawake 641 waliojifungua katika vituo 13 vya Kenya. Katika kila 100, 20 walisema walivunjiwa heshima kwa namna moja au nyingine. Wamo waliotendewa jambo bila idhini yao.

Je, wakunga ni wabaya? La hasha. Mkunga mmoja huweza kuachiwa wazazi kadhaa usiku kucha, na aliyechoka huamrisha badala ya kueleza. Tena damu ikimwagika, si wakati wa kujadiliana. Sharti atende upesi. Ndiyo sababu yafaa shauri lianze mapema, kliniki: atazalia wapi, nani atafuatana naye, na usiku, katika vichochoro visivyoingia gari, atatolewaje. Aliyeelezwa hatari mapema humwamini mkunga saa ya dharura.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri mzazi awe na mtu amtakaye karibu naye, na achague mkao wake. Kwetu mashauriano si mageni. Aya ya 233 ya Sura ya Baqara yataka baba na mama waridhiane na kushauriana wanapotaka kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa kuachisha ziwa kwataka shauri, kuzaa je?

Basi kaunti na iongeze wakunga wa zamu ya usiku. Wakunga nao waulize kabla ya kutenda. Nasi waume, pamoja na mama wakwe, tusimsemee mzazi aliye na ulimi wake.