Kipaji cha Mtoto na Mfuko wa Mzazi

Wako wasemao kuwa mzazi wa Kimarekani anayemzungusha mwanawe mji hata mji ili asikilizwe na vyuo vya uigizaji ni mzazi mpumbavu, atupaye fedha kwa ajili ya ndoto. Wako wengine wasemao kuwa mzazi huyo ni bora kuliko wote, kwa maana amekubali kumfuata mtoto anakotaka kwenda badala ya kumburuta anakotaka yeye. Kauli hizi mbili hupigana kila mwaka, na zote mbili zakosa shabaha. Zote humtazama mzazi. Anayestahili kutazamwa ni chuo, kwani chuo ndicho kilichoweka mlango, kikapima upana wake, kisha kikatangaza kwamba kipaji peke yake ndicho kipitacho humo. Tangazo hilo si kweli.

Jambo lenyewe lahitaji maelezo kidogo, maana si desturi ya kila nchi. Kijana wa Marekani mwenye miaka 17 au 18 akitaka kusomea uigizaji, au tamthilia za muziki ambamo mtu mmoja huigiza, huimba na kucheza kwa pamoja, aghalabu hawezi kutegemea alama zake za darasani tu. Hana budi kufanyiwa majaribio mbele ya walimu. Mafunzo haya yana umri katika nchi ile: idara ya kwanza ya drama iliyotoa shahada ilifunguliwa mwaka 1914 mjini Pittsburgh, katika chuo ambacho leo huitwa Carnegie Mellon, na kitengo cha drama cha Juilliard, New York, kilianza mwaka 1968. Hapana aibu katika kujaribiwa. Mwimbaji asiyesikiwa hajulikani, na machozi ya jukwaani hayapimwi kwa mtihani wa kuandika. Lawama ni juu ya mzigo uliofungwa mgongoni mwa jaribio, mwaka hata mwaka, mpaka mtoto peke yake hawezi kuuinua.

Mwanzoni mwa mwaka wa mwisho wa sekondari, majani yanapopukutika, kijana hujirekodi katika video akiimba vipande viwili vya nyimbo zinazotofautiana, akisema maneno ya wahusika wawili kutoka katika tamthilia, na akicheza. Kila kipande huwa cha dakika moja au zaidi kidogo. Chuo hiki chataka wimbo wa zamani na wimbo wa karibuni. Chuo kile chataka nyimbo mbili za hali mbili. Hiki chataka mwili mzima uonekane, kile chataka uso. Walimu wakipendezwa, ndipo kijana aitwapo kusikilizwa ana kwa ana. Wengine huenda chuoni kwenyewe. Wengine huenda New York, Chicago au Los Angeles, ambako vyuo vingi hukusanyika Januari na Februari katika vyumba vya kukodi, na vijana hutoka chumba hiki wakaingia kile, wakiimba wimbo ule ule mbele ya watu wapya. Madarasa ni madogo. Vyuo vinavyotajwa sana huchukua watu kama 20, pengine pungufu, katika waombaji wapitao 1,000. Kwa kuiogopa hesabu hiyo familia huomba vyuo 15, hata 20, na kila chuo kinachoongezwa huleta ada yake, masharti yake na siku yake.

Hapo ndipo aingiapo mzazi. Atazame mtu yeyote kazi hii kwa haki, aone ni ya nani. Ni nani ashikaye kamera sebuleni usiku, akarudia mara 30 kwa sababu gari lilipiga honi barabarani? Ni nani aandikaye daftari la tarehe, ili siku ya chuo kimoja isigongane na siku ya kingine kilicho maili 800 mbali? Ni nani amlipaye mwalimu wa sauti, na mwalimu wa kucheza, na mwalimu wa tatu ambaye kazi yake ni kuchagua nyimbo, na mpiga kinanda wa kurekodi muziki wa kuandamana na sauti? Kisha Januari yaja na theluji yake. Ndege huchelewa, koo hukauka, na mzazi hukaa sakafuni katika ujia wa hoteli akilinda viatu vya kuchezea, asali, na shati la pili, huku akijifanya hana wasiwasi. Amekuwa karani, dereva, mweka hazina, tabibu wa koo na mfariji. Sekunde 90 ambazo kijana husimama mbele ya meza ya walimu zina ndani yake miezi ya kazi ya mtu mwingine, ambaye jina lake halimo katika fomu.

Wala kazi hiyo haikumngoja mtoto afike miaka 17. Sauti isikiwayo Januari ilianza kufunzwa zamani, kwa saa zilizolipiwa. Miguu ilizoea kucheza katika madarasa yaliyolipiwa. Na hata ule utulivu wa kuingia chumbani na kuwasalimu wageni bila kutetemeka umetokana na likizo nyingi katika kambi za sanaa zilizolipiwa. Mtoto wa mama afanyaye kazi ya zamu ya usiku hospitalini aweza kuwa na sauti ya kushtua malaika. Walakini mama huyo hawezi kuomba ruhusa siku 12 katika miezi miwili. Mtoto hakushindwa kuimba. Alishindwa kufika, na asiyefika haandikwi mahali popote kuwa alishindwa. Ndiyo maana vyuo vyaweza kuhesabu waliokataliwa na visione kabisa wale ambao havikuwasikia.

Mtetezi wa mpango huu hukimbilia mfano mmoja mmoja. Humtaja Viola Davis, aliyelelewa katika umaskini mkubwa mjini Central Falls, jimbo la Rhode Island, akahitimu Juilliard mwaka 1993, akawa katika waigizaji wakubwa wa zama hizi. Mfano huo wapendeza, lakini wamgeukia aliyeutoa. Davis hakuingia Juilliard akiwa kijana aliyetoka sekondari na mzazi wake nyuma akibeba mkoba. Alisoma kwanza katika chuo cha umma cha jimbo lake, Rhode Island College, akahitimu mwaka 1988, ndipo akaenda New York akiwa mtu mzima. Mlango uliompokea kwanza ni mlango wa chuo cha kawaida kilicho jirani na kwao. Na hata kama angepita katika tundu la sindano, kupita kwake kusingekuwa ushahidi kwamba tundu ni pana.

Kwa upande mwingine upo mfano usiotajwa na watetezi. Machi 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki wazazi wengi kwa kununua nafasi za vyuo kwa hila. Mmoja wao alikuwa Felicity Huffman, mwigizaji mashuhuri, aliyelipa dola 15,000 ili majibu ya bintiye katika mtihani wa kujiunga na vyuo yasahihishwe kwa siri. Septemba mwaka ule alihukumiwa siku 14 gerezani na faini ya dola 30,000. Katika barua yake kwa hakimu alieleza kwamba binti alitaka kuwa mwigizaji, na kwamba yeye mama alikuwa ameambiwa kuwa alama za hesabu zingemzuia mwanawe hata asifikiriwe. Watu walicheka, wakasema tajiri amenaswa. Lakini kicheko kilifunika jambo zito. Ikiwa mwanamke aliyefika kilele cha kazi hii, ajuaye waigizaji na walimu wao, hakuamini kwamba kipaji cha mtoto kingetosha kumpitisha, je, ni nani basi aamini? Hatia yake ni yake. Hofu iliyomsukuma ni ya msimu mzima, na wazazi maelfu wanayo ambao hawakuvunja sheria yoyote. Wao hununua kwa njia halali kile alichokinunua kwa haramu, yaani nafasi ya mtoto wao mbele ya mtoto wa jirani.

Vyuo hujibu kwamba vimelegeza masharti. Husema waombaji wasio na uwezo waweza kusamehewa ada. Husema video ya simu yatosha na wala hapana haja ya taa wala fundi. Na tangu tauni ya 2020, ilipowalazimu kuwasikiliza vijana wakiwa kwao, vingi vimeendelea kupokea majaribio ya mbali. Hayo ni kweli, na yastahili sifa kiasi chake. Ila ukweli huo wazaa swali ambalo vyuo havijalijibu. Maadamu mwaka 2021 vilichagua darasa zima bila mtoto yeyote kupanda ndege, safari za miaka iliyotangulia zilikuwa za nini? Na juu ya video ya simu, mzazi ajuaye kwamba waombaji wengine 1,000 wanagombea viti 20 hawezi kuamini neno "yatosha". Neno hilo lina maana pale tu pasipo mashindano. Atamkodi fundi kwa sababu jirani amemkodi, na jirani alimkodi kwa sababu alimwogopa yeye. Soko zima la walimu wa kukodi limesimama juu ya mguu huo mmoja.

Mwisho wa njia hiyo kuna deni. Mwaka mmoja katika vyuo kadhaa vya binafsi vyenye mafunzo haya, pamoja na chakula na malazi, hugharimu zaidi ya dola 80,000. Serikali ya Marekani huwakopesha wazazi kwa mpango ulioanza mwaka 1980, na deni hilo ni la mzazi mwenyewe, halihami kwenda kwa mtoto hata akiwa nyota. Kwa miaka mingi mzazi aliweza kukopa hadi gharama yote iliyobaki, bila kuulizwa mshahara wake waweza kulipa au la. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliwawekea wakopaji wapya mpaka, kuanzia Julai 2026, wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Mpaka huo utawaokoa wazazi wengine na utawafungia watoto wengine mlango, maana bei ya chuo haikushuka siku sheria ilipotiwa saini. Na kazi yenyewe hulipaje? Waigizaji wa filamu na televisheni walipogoma kutoka Julai hadi Novemba 2023, ilisemwa mara kwa mara kuwa wanachama walio wengi wa chama chao hawafikii dola 26,470 kwa mwaka, kiasi kilichotakiwa wakati ule ili mtu apate bima ya afya ya chama. Chuo kinajua habari hii kuliko mzazi. Yafaa kimwambie mapema, kabla hajalipa ada ya kwanza.

Hapa yafaa kusema neno juu ya mzazi pia, ingawa yeye si mshtakiwa mkuu. Waswahili wa pwani walikuwa na busara yao katika jambo la kufunda. Mwari hakufundwa na mama yake mzazi; alikabidhiwa kwa somo wake, au kungwi, kwa kuwa baina ya mama na mwana pana haya na pana huruma, na vyote viwili huharibu mafunzo. Mama alipika, akangoja, akashangilia. Mzazi wa ujia wa hoteli amelazimishwa kuwa mama na kungwi kwa wakati mmoja. Garini kijana ametoka kuimba vibaya, naye hajui kama aliye kwenye usukani atamfariji au atamsahihisha. Mara nyingi hufanya yote mawili katika sentensi moja. Kama mzazi huyo angerudishiwa kazi yake ya asili, ingekuwa nyepesi kutaja ingawa nzito kutenda: kumlisha mtoto, kumwambia tangu mwanzo familia yaweza kulipa kiasi gani na haiwezi kupita hapo, na kunyamaza garini.

Kwamba mlango waweza kutengenezwa namna nyingine si maneno matupu. Mwaka 2007 yalianzishwa Atlanta mashindano ya wanafunzi wa sekondari wasemao maneno ya wahusika wa August Wilson, yule mwandishi wa tamthilia aliyeacha shule akiwa na miaka 15 na kujisomea katika maktaba ya umma ya Pittsburgh, mji ule ule wenye idara ya mwaka 1914. Mashindano yalienea miji mingi. Yaliwafuata vijana katika shule zao, yakawapa walimu, kisha washindi wakapelekwa New York kusimama katika jukwaa lenye jina la Wilson, na filamu ya mwaka 2020 iitwayo Giving Voice yaonyesha vijana hao na wazazi wao, ambao wengi wasingeweza kamwe kuumaliza msimu wa hoteli. Kadhalika mwaka 2021 shule ya drama ya Yale, kwa zawadi ya dola milioni 150 kutoka kwa David Geffen, iliacha kutoza karo kwa wanafunzi wake wote. Hiyo ni shule ya waliokwisha pata shahada ya kwanza. Vijana wa miaka 17 bado wangoja mtu wa kuwakumbuka.

Wasingoje tajiri wa pili. Vyuo vinavyoshindana vyaweza kukubaliana video ya namna moja, yenye masharti yale yale kwa wote, na kuikataa iliyotengenezwa na fundi. Vyaweza kumlipia nauli na malazi kila kijana asiyejiweza ambaye vimemwita, kwa sababu mwenye kuita ndiye mwenye haja. Na vyaweza kuwatuma walimu wao katika miji isiyo na hoteli za majaribio. Ada ya maombi katika vyuo vingi hupita dola 50, na wanaoikosea nafasi ni mamia kwa mamia; chuo kipokeacho fedha ya waombaji 1,000 ili kichukue 20 kina nauli ya mwalimu mmoja kwenda Mississippi.