Jumanne Pia Ni Siku ya Kula

Mwambie msee yeyote kwamba leo Jumanne unapika chopsi za nguruwe, peke yako, kwa bedsitter yako. Atakuuliza: kwani umepata kazi? Kwani kuna mgeni?

Hakuna mgeni. Kuna njaa tu, na mimi.

Nilipoacha chuo nilikaa karibu mwaka mzima nikila kama mtu anayengoja matatu. Mkate na chai, mayai, chapo madondo ya kibanda. Nilijiambia nitakula vizuri nikipata kazi, nikihama, nikioa. Na pesa ya nyama ilikuwepo! Ijumaa ilikuwa inaenda kwa joint: nusu kilo ya nguruwe imekaushwa hadi meno yanalia, na bia mbili juu yake. Ati hiyo ndiyo kujienjoy. Siku zingine sita nilikuwa najinyima ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ukiuliza watu mbona hawapiki, wanakwambia hawana muda, hawana oveni. Huo ni uongo. Githeri ndiyo inataka masaa. Chopsi inatoka mgongoni, na misuli ya hapo haifanyi kazi ngumu, kwa hivyo ni laini tayari. Sisi ndio tunaiharibu, kwa kuichemsha kwanza halafu kuikaanga mpaka inakuwa soli ya kiatu.

Tunafanya hivyo kwa kuogopa tegu, na hofu hiyo ina msingi. Nguruwe anayezurura akila uchafu anaweza kuwa na mabuu ya tegu, na kama hujui nyama imetoka wapi, ipike mpaka ikauke, sitakulaumu. Lakini ukinunua kwa bucha yenye nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, huna haja ya kuiua mara ya pili. Marekani, Wizara ya Kilimo ilishusha kiwango chake mwaka 2011: nyuzi 63 za Selsiasi katikati ya nyama, kisha iachwe itulie dakika 3. Nunua kipimajoto, kitakusaidia kuliko spika ya tatu.

Meko yangu ni ile ya gesi ya kilo 6, na inatosha. Itisha chopsi mbili zenye mfupa, unene wa inchi moja. Koroga kijiko kikubwa cha chumvi kwa vikombe viwili vya maji, loweka nyama nusu saa ukioga na kupiga simu zako. Itoe, ikaushe kwa kitambaa, kata ule ukingo wa mafuta mahali pawili patatu ndio isijikunje. Pan iwe moto kweli. Dakika 4 upande mmoja, 4 mwingine, na usiichokore.

Punguza moto. Sasa mimina asali vijiko viwili, maji ya ukwaju, soya sosi kidogo, kitunguu saumu na tangawizi. Asali huungua haraka, kwa hivyo simama hapo. Geuza nyama ndani ya sosi mpaka iwe nzito na ing'ae. Pima karibu na mfupa. Ikifika, zima, ngoja dakika 5. Hapo ndipo wengi wanashindwa: ukikata mapema, maji yote yanabaki kwa sahani. Kula na ugali na sukuma.

Kuna wasioila, na sibishani nao. Jirani yangu ni Msabato. Sufuria yake siiombi. Nabishana na wewe unayeila kila wikendi, lakini unaona aibu kujipikia katikati ya wiki, kana kwamba sahani nzuri lazima iwe na shahidi.

Tumezoea kusema maisha yataanza kesho, na kesho tunakula tena mkate kavu. Mimi sahani yangu imepata nyama Jumanne, na kazi bado sijapata.