Bumu likitoka, Zanzibar isubiri: twende Kilwa kwanza

Semista inakaribia ukingoni, asaimenti zimetubana mpaka kooni, lakini hapa chuoni ukipita vimbwetani utasikia stori moja tu: likizo hii lazima twende Zanzibar. Watu wameshapanga mpaka nguo za kupigia picha. Mimi sina ugomvi na Zanzibar hata kidogo. Ila naomba nitoe dukuduku langu: kwa mwanachuo wa Songea, tena anayesomea ualimu, kisiwa cha kwanza kukanyaga ni Kilwa Kisiwani. Zanzibar haikimbii.

Tuanze na mfuko. Toka Songea mpaka Zanzibar unapita Njombe, Iringa, Dar, ndo upande boti. Ukifika, fukwe zile za kwenye picha zimejaa hoteli zinazotaja bei kwa dola. Halafu ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu visiwa ameandikiwa mgeni wa kutoka Ulaya: viza, bima ya dola 44 ambayo Zanzibar ilianza kuwatoza wageni wa nje tarehe 1 Oktoba 2024, viatu gani vya kuogelea na matumbawe. Hakuna anayemwandikia kijana wa Msamala au Lizaboni mwenye begi moja na hela ya kuhesabu. Kilwa barabara yetu ni nyingine, na imerahisika sana siku hizi: Namtumbo, Tunduru, Masasi, Lindi, Nangurukuru, kisha Kilwa Masoko. Lami.

La pili, sisi na Kilwa ni watu wa njia moja toka zamani. Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka Ziwa Nyasa, ikakatiza huku kwetu kwa Wayao na Wangoni, ikaishia Kilwa Kivinje, bandari iliyokuwa kubwa kwa biashara ile katika pwani ya bara. Dawa ya maji nayo ilitoka upande huohuo: Kinjikitile Ngwale alikuwa Ngarambe, na vita ikaanza Nandete, Umatumbi, Julai 1905. Mwisho wake sote tunaujua, tunaukumbuka kila tarehe 27 Februari pale Makumbusho ya Majimaji, kwa ajili ya mashujaa walionyongwa hapahapa mwaka 1906. Sasa jamani, mtu unakulia Songea, unaimba Majimaji toka shule ya msingi, na ulikoanzia moto wenyewe hujawahi hata kupita kwa basi?

La tatu ndo linaloniuma zaidi. Mwakani baadhi yetu tutashika chaki. Tutasimama mbele ya watoto na kusema Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, ilikuwa na sarafu zake, Ibn Battuta aliifika mwaka 1331. Mtoto akiuliza "mwalimu, pakoje?" utamjibu nini? Utamsomea tena notisi zilezile ulizosomewa wewe. Mimi naona hapo ndo tunapozalisha wanafunzi wanaoamini historia ni kukariri miaka. Mwalimu aliyesimama ndani ya Msikiti Mkuu na kuhesabu nguzo hafundishi sawa na aliyekariri.

Haya, maneno matupu hayavunji mfupa. Likizo iliyopita tulikwenda wanne, na haya ndo ninayoweza kumshauri anayetaka kujipanga.

1. Usiende masika. Machi mpaka Mei mvua za kusini hazina utani. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi na Dar sehemu kadhaa wilayani Kilwa, magari yakalala njiani. Juni mpaka Oktoba ndo kuzuri, jua lipo lakini halichomi kupitiliza. Ila ujue ni msimu wa kusi, upepo unaweza kuchafua bahari mchana, kwa hiyo vuka asubuhi. Kabla ya safari sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ile watu wanayobadili chaneli ikianza.

2. Usilazimishe kufika kwa siku moja. Lala Masasi au Lindi, asubuhi endelea. Ukishushwa Nangurukuru usiku utapangiwa bei ya gari na ya chumba na mtu anayejua huna pa kwenda.

3. Jifunze maji. Sisi wa ziwani na milimani tumezoea maji yanayokaa palepale. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu: maji yanajaa sana na kupwa mbali sana. Ukipuuza hilo unaweza kufika ufukweni ukakuta tope na mikoko, chombo kimekaa juu ya mchanga. Waulize wavuvi, watakwambia saa bila hata kuangalia simu.

4. Jaketi okozi sio urembo. Hili naomba tusitaniane. Septemba 10, 2011 MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa zaidi ya watu 200. Julai 18, 2012 ikafuata MV Skagit, ikitoka Dar kwenda Unguja. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na Ukara, Ziwa Victoria, wakafa zaidi ya watu 220. Ya Ukara inatufundisha kwamba "pale karibu tu" haimzuii mtu kuzama. Toka Masoko mpaka Kisiwani unakiona kisiwa kwa macho, ndo maana watu wanadharau. Wengi wetu tuliokulia huku kuogelea hatujui, tusidanganyane. Chombo hakina majaketi, shuka. Kimejaa, shuka. Nahodha akinuna, anune. Wewe mama yako anakusubiri Songea.

5. Kibali kwanza. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia toka 1981. Huendi kama unakwenda sokoni: unapitia ofisini Kilwa Masoko, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Beba kitambulisho cha taifa na cha chuo, maana Mtanzania halipi sawa na mgeni. Dai stakabadhi. Vijana wa bandarini watakaokwambia "nipe mimi nitakumalizia" waambie asante, shikamoo, pita.

6. Nendeni kikundi. Chombo kikikodiwa mnakodi chote, muwe wawili au wanane. Mkiwa sita mnagawana chombo na mwongozaji, na chumba mnalala wawili wawili. Sisi wanne tuliona tofauti, na tungekuwa sita tungeona zaidi. Songo Mnara ni mbali zaidi na inahitaji boti ya injini, kwa hiyo iwekeni kwenye mpango kama mko wengi, la sivyo iacheni kwa mara ya pili.

7. Beba maji, kofia, dawa ya mbu na ndala zisizoteleza. Kisiwani utatembea kwa miguu juani, maduka ni ya kubahatisha. Simu ifunge vizuri isilowe. Mfuko wa plastiki usibebe, umepigwa marufuku nchini toka Juni 1, 2019.

8. Kile ni kijiji cha watu. Wenyeji wengi ni Waislamu, wazee wapo, watoto wapo. Dada zangu bebeni khanga, kaka zangu vaeni shati. Salimia kwanza kabla hujauliza bei. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Mwezi wa Ramadhani usitafune hadharani. Na usiokote kitu! Hata kigae kidogo cha chungu ni mali ya kale inayolindwa na sheria toka 1964. Msipande juu ya kuta kwa ajili ya picha. Magofu yale yaliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Tusiwe sisi wa kuyarudisha.

Najua kuna wadau watasema: "Sasa kuna nini huko, magofu tu?" Hebu tazama kidogo. Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe, ina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Huku kwenye vitabu bado kuna watu wanaandika kana kwamba tulikuwa tunalala juu ya miti. Gereza, ile ngome iliyo karibu na maji, inakukumbusha Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505. Na sarafu za Kilwa zimeokotwa mpaka visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Ukimweleza hilo mtoto wa kidato cha kwanza, hatasinzia.

Kuna na wale ambao hata Kilwa mfuko haufiki. Hao sio wa kucheka, maana bumu lenyewe wengine wanalituma nusu nyumbani. Kwao nasema Ziwa Nyasa lipo. Mbinga, Mbamba Bay, kisha Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann palepale, moja ya mapigano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Iko mkoani kwetu! Na sheria ya jaketi ni ileile, ziwa nalo lina mawimbi, na usioge karibu na midomo ya mito maana mamba hawajui kama wewe ni mwanachuo.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kutalii sio lazima uwe na dola, na sio lazima uende ambako wote wameshapiga picha. Ni kuanza na kinachokuhusu, ukirudi uwe na cha kumpa mwanafunzi wako. Zanzibar tutakwenda tukishapata ajira, Mungu akipenda.

Wanaotaka tuunde kikundi cha watu sita kwa Julai, tukutane kimbwetani Jumamosi saa kumi jioni. Njoo na daftari na kalamu, tupige hesabu ya nauli pamoja. Naomba kutoa hoja.