Nchi Tupu ya Vitabuni

Msomaji wa vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, kadhalika mtazamaji wa sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, aghalabu hubaki na hamu moja: hamu ya nchi pana isiyo na ua wala mwenyewe, ambako mtu aliyebanwa na mji hupata wasaa wa kuanza maisha upya. Hamu hiyo siilaumu, kwani hata mimi nikisimama juu ya mlima Wanale, mashariki mwa Uganda, mji wa Mbale ukiwa chini na tambarare zimetanda hadi upeo wa macho, roho hunikunjuka. Nilipingalo ni dai lililojificha ndani yake, kwamba nchi hiyo ilikuwa tupu.

Mmoja wa wasafiri hao, John Hanning Speke, alipofika Jinja, mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa maporomoko ya hapo jina la Ripon, aliwaona wavuvi wa Kisoga na Kiganda wametapakaa juu ya mawe yote na ndoana zao, kivuko kikivusha watu, na ng'ombe wakiteremshwa kunywa maji ziwani. Na hayo yote, tumpe haki yake, aliyaandika. Utupu ulikuja baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliangamiza watu zaidi ya laki mbili katika mwambao wa Busoga na Buganda, na Gavana Hesketh Bell akaamuru waliosalimika wahame, hata mashamba na makaburi ya wazee yakamezwa na vichaka ambavyo mgeni wa kesho yake, asiyejua habari, angeviita pori la tangu na tangu. Winston Churchill, aliyepita huko mwaka 1907, habari alizijua na msiba akausimulia, ila jicho lake lilivutwa zaidi na nguvu za maji yale yaliyokuwa yakipotea bure. Bwawa la umeme la Owen likafunguliwa mwaka 1954, na maporomoko ya Ripon yakazama.

Kwenye mlima Elgon kazi ya kuifanya nchi tupu ilifanywa na serikali peke yake, bila maradhi. Msitu ulipogeuzwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1993, Wabenet waliokuwa wakichunga na kurina asali humo walihesabiwa wavamizi, hata Mahakama Kuu ya Mbale ikawatambua mwaka 2005 kuwa ndio wenyeji wa tangu zamani, hukumu ambayo utekelezaji wake ungali ukisuasua ilhali watalii wanauziwa mlima huo huo kwa sifa ya upweke wake.

Riwaya ninayoingoja ni ya mvuvi wa Kisoga aliyeamriwa kuuacha mtumbwi wake ufukweni.