Kabla ya kusaka sanduku kambini, mtafute mzee

Wikendi imefika. Una bando, una raba za kutembea na marafiki watatu waliochoka kukaa kwa nyumba. Simu inakuonyesha kwamba kwenye kichaka fulani, si mbali na barabara, kuna kopo limefichwa. Mnaenda, mnainama, mnapekua, mnalipata. Ndani mna kijidaftari. Mnaandika majina na tarehe, mnalirudisha lilipokuwa, basi. Hakuna tuzo wala refa.

Huo ndio mchezo wa jiokashingi. Ulianza Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Dave Ulmer alificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akaweka ndani vitu kama vitabu, pesa kidogo na hata kopo la maharagwe, kisha akatangaza mahali ilipo kwenye intaneti. Leo unachezwa dunia nzima.

Tunauunga mkono. Ni raha isiyo ghali, inakutoa kwa kochi na kukupeleka mahali ambapo hungefika. Ila kuna jambo. Wasakaji hupenda mahame: magofu, stesheni zilizofungwa, kambi zilizomezwa na nyasi. Na Kenya, kambi si haba.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960. Katika miaka hiyo maelfu ya watu walioshukiwa kuwa Mau Mau walizuiliwa bila kufikishwa kortini, wakihamishwa kutoka kambi hadi kambi. Wakoloni waliwapanga kwa rangi, weusi, kijivu na weupe, kulingana na walivyoonekana kuwa wakaidi au watiifu. Majina ya kambi unayajua bila kujua kwamba unayajua: Manyani, Mwea, Mackinnon Road, Athi River. Kule Hola, Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Maelezo ya kwanza ya serikali yalidai kuwa ni maji waliyokunywa.

Sasa jiulize: ukipita hapo, utajua umekanyaga wapi? Manyani bado ni gereza. Kule Nyeri, kambi za Mweru na Aguthi ziligeuzwa shule za upili. Kwingine ni shamba la mtu au kichaka tu, na hakuna hata kibao cha kukuambia kilichotokea. Wakoloni walipoondoka walichoma nyaraka nyingi na kusafirisha nyingine Uingereza, ambako zilikaa mafichoni hadi 2011. Miaka miwili baadaye Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Kilichosaidia kesi hiyo ni nyaraka zile, na zaidi ya hapo ni wazee walioamua kusema.

Ndiyo maana tunakwambia: ukienda kambini, nenda kwa adabu.

Kwanza, omba ruhusa. Ardhi ina mwenyewe, awe shule, kaunti au familia. Hata kanuni za mchezo zinataka hivyo. Pili, usichimbe. Kanuni zinakataza kuzika sanduku, na sheria ya makavazi na turathi ya 2006 haikuruhusu kufukua mahali pa kale bila leseni. Kipande cha seng'enge au bakuli la bati lililoliwa na kutu si zawadi ya kubeba nyumbani. Kiache hapo hapo, kipige picha, ripoti kwa Makavazi ya Kitaifa. Tatu, usifiche kitu kaburini wala ndani ya seli. Kuna mahali pa kucheza na mahali pa kunyamaza. Ukitaka kuficha sanduku, liweke kando ya njia ya kuingilia, na humo ndani uache karatasi inayoeleza hapo palikuwa nini.

La nne ndilo kubwa: kabla ya kufungua ramani, mtafute guka au shosho wa mtaa huo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1954 sasa amepita 90. Sanduku litakungoja hadi mwaka ujao, yeye huenda asikungoje. Msalimie, keti chini, muulize kama yuko tayari kuzungumza. Akikubali, rekodi kwa simu hiyo hiyo. Akikataa, mshukuru na uende zako. Kunyamaza pia ni haki yake.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya vijana. Kibao chenye jina la kambi na miaka yake hakigharimu pesa nyingi. Kaunti zenye maeneo haya zianze na hapo.

Gakaara wa Wanjau aliandika shajara akiwa kizuizini kisiwani Manda, Lamu, na kitabu kilichotokana nayo kikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Yeye alikuwa na daftari mahali ambapo kuandika kulikuwa hatari. Wewe unapewa daftari ndani ya kopo, jua linawaka, marafiki wanacheka, hakuna askari anayekuchungulia. Usiandike jina lako pekee. Andika pia jina la kambi.