Peleka Kodi, Si Keki

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Waithaka hupokea wageni wa aina mbili. Wa kwanza huja na magari. Wanaingia kutoka Naivasha Road wakiwa wamevaa fulana za rangi moja, buti imejaa bale za unga, mafuta ya kupikia, tishu, na keki yenye jina la msee wa bathdei. Wanaelekea home ya watoto. Wa pili huja kwa miguu. Ni keateka, ana daftari kwapani na kufuli mfukoni.

Nimeishi huku miaka saba, na imenichukua karibu yote saba kuelewa kwamba wageni hawa wawili wanafanya kazi moja. Keateka anawatoa watoto nyumbani. Wenye fulana wanawapelekea keki huko walikopelekwa.

Najua inauma. Mimi pia nimewahi kuvaa hiyo fulana. Ngoja nieleze.

Mlango wa tatu kutoka kwangu aliishi mama mmoja na watoto watatu. Chumba cha mabati, elfu tatu na nusu kwa mwezi, choo cha pamoja, maji ya kununua kwa mtungi. Alikuwa akifulia watu nguo huko Lavington, akienda asubuhi kwa miguu ili aokoe nauli. Kisha akaugua mgongo. Mtu anayefua akiugua mgongo, kazi imeisha, hakuna likizo ya ugonjwa. Mwezi wa kwanza alikopa. Mwezi wa pili nikasikia sauti za mlangoni:

"Mathe, mwezi wa pili huu. Mwenye ploti ananiuliza mimi."

"Najua, mwanangu. Nipe hadi Ijumaa."

"Ijumaa gani sasa, mama? Ijumaa zimeisha."

Ijumaa ikafika, kufuli ikawekwa. Vyombo vyake vilibaki ndani, yeye na watoto nje. Usiku ule walilala kwangu, na usiku uliofuata kwa mama wa kibanda cha mboga. Siku ya nne, mtu mwenye roho nzuri, na nasema hivi bila kejeli, akamshauri: si kuna home hapa tu nyuma ya ukuta? Watoto watakula, watasoma, watalala kitandani. Wewe jipange kwanza. Wakubwa wawili wakapelekwa. Yule mdogo akabaki naye mgongoni, mgongo uleule mgonjwa.

Deni lilikuwa elfu saba. Narudia ili tusiipite haraka: elfu saba. Bei ya keki mbili za maana. Ndiyo iliyogeuza watoto wawili wenye mama mzima kuwa "watoto wasiojiweza", wenye picha ukutani na mfadhili wa kuwaombea.

Usiniambie ni kisa kimoja. Ongea na yeyote aliyelelewa home, atakwambia: wengi wa waliolala naye chumba kimoja walikuwa na mzazi hai, au nyanya, au shangazi. Kilichokosekana ni pesa, si ukoo. Dunia ilishalijua jambo hili kitambo. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa Desemba 2009, unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Serikali yetu nayo ilisimamisha usajili wa home mpya za watoto Novemba 2017. Mwaka 2022 tukapata Sheria mpya ya Watoto, pamoja na mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia na jamii.

Kwa hivyo kwenye karatasi tumekubaliana. Lakini Jumamosi magari yanakuja vilevile. Kwa nini?

Kwa sababu kitanda kinapigwa picha. Bweni jipya lina utepe wa kukatwa, lina kibao chenye majina ya waliochanga, lina watoto waliopangwa kwa urefu wakiimba. Kodi ya nyumba haina sura. Utapiga picha ya nini? Stakabadhi? Mama aliyeketi tu kwake akipika sukuma, watoto wakibishana juu ya daftari? Hiyo si habari, ni jioni ya kawaida. Na shida ya hisani yetu ni kwamba haijui kuipenda jioni ya kawaida ya mtu mwingine.

Kisha kuna hesabu. Home ina mlinzi wa mchana na wa usiku, mpishi, matroni, mhasibu, gari, mafuta ya gari, bili ya stima, karo. Sisemi pesa zinaibwa. Nyingine zinaibwa, nyingi haziibwi. Nasema hata zikitumika kwa uaminifu kabisa, chukua bajeti ya mwezi ya home unayoipenda, igawe kwa idadi ya watoto, kisha uje umuulize keateka yeyote wa Waithaka hiyo pesa ya mtoto mmoja ingelipia chumba cha nani, na kwa miezi mingapi. Halafu uniambie ni nani anayesaidiwa na huo mpango.

Na bado hatujafika kwenye siku mbaya kuliko zote, siku ya kutimiza miaka 18. Kuna kijana aliyehamia ploti yetu mwaka juzi na sanduku la chuma, godoro la kupewa na cheti cha kidato cha nne. Amelelewa home tangu akiwa na miaka mitano. Kitambulisho kilimsumbua, maana ofisini waliulizia cha mama au baba. Hajawahi kununua tokeni ya stima. Hajui kwamba chakula kikibaki usiku unakichemsha ili kisiharibike, kwa sababu sufuria za kwao zilikuwa za watu sitini. Wiki ya kwanza alikuwa akitoka anaacha mlango wazi. Nikamkanya, nikidhani ni uzembe. Akaniambia, "Brathe, sijawahi kuwa na ufunguo."

Miaka kumi na mitatu ya kusaidiwa makao, na hajawahi kushika ufunguo. Miezi minne baadaye alishindwa na kodi. Kufuli. Sijui alikoenda.

Sasa, wacha nijibu yale ninayojua unayasema moyoni.

Utasema kuna watoto wanaopigwa, wanaonajisiwa, waliopotea, waliotupwa. Ni kweli, na hao wanahitaji mahali salama usiku huohuo, na wapo watu wanaowapa kwa moyo wote. Sipigani na hao. Napigana na uvivu wa kumtia mtoto anayedaiwa kodi katika kapu moja na mtoto anayekimbia kisu.

Utasema ukiwapa pesa watalewa. Huu wimbo tunaujua. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, familia maskini zilipewa pesa taslimu na shirika la GiveDirectly, bila masharti, na watafiti wakafuatilia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka kwa kiwango cha maana. Unajua kilichoongezeka? Miongoni mwa mengine, paa za mabati. Mtu ukimwamini na pesa, anaziba mahali panapovuja. Na kama bado huamini, sawa, mlipe mwenye ploti moja kwa moja kwa simu, upate ujumbe wa kuthibitisha. Hakuna baa inayopokea stakabadhi ya kodi.

Utasema basi tunamtajirisha mwenye ploti. Hapa lazima uijue Waithaka. Dagoretti haikuwa mji. Ilikuwa mashamba ya familia za Wakikuyu, ikahesabiwa Kiambu hadi mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Shamba la babu likagawanywa kwa wana, la wana kwa wajukuu, hadi kipande cha leo kinatosha vyumba kumi vya mabati na mti wa parachichi. Wako mabwanyenye, sikatai. Lakini mwenye ploti wangu ni shosho wa miaka sabini na kitu, na vyumba vyake ndivyo dawa yake ya presha. Kodi inayolipwa huku inakunywa chai huku. Inanunua mboga kwenye kibanda kilekile kilichomlaza jirani yangu. Nakubali, keateka naye si shetani. Ni mtu anayelipiwa chumba chake kwa kufungia watu vyao.

Utasema hiyo ni kazi ya serikali. Naam, ni yake. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Lakini tazama vyombo vyenyewe. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500. Tembea Waithaka yote na tochi ukitafute hicho chumba. Inua Jamii inatoa 2,000 kwa mwezi kwa waliobahatika kusajiliwa, haifikii bati. Nasi wenye payslipu tunakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba tangu sheria ya Machi 2024, kwa nyumba ambazo hasa ni za kuuzwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomfikia mama wa Ijumaa zilizoisha. Tuidai serikali, tena kwa kelele. Lakini kufuli haisubiri bunge.

Na mwisho utasema, kama ni makao, si afadhali mashirika yawajengee? Yamewahi. Mathare 4A, mradi ulioanza mwaka 1992: pesa za Wajerumani, ardhi ya serikali, kazi chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi kupitia Amani Housing Trust. Nyumba zilijengwa, barabara na vyoo vikaja, kodi ilikuwa ya chini. Nia ilikuwa njema. Lakini wenye vibanda walikasirika, na wapangaji wengi nao wakauliza kwa nini wawe wapangaji wa shirika maisha yao yote. Ikawa vuta nikuvute, ikawa fujo, mradi ukakwama.

Sasa vuka uende Huruma, Kambi Moto. Kuanzia 2003, watu waliokuwa wakiweka akiba ya shilingi chache chache katika vikundi vya Muungano wa Wanavijiji, wakishikwa mkono na Pamoja Trust, walianza kujijengea nyumba za ghorofa kwenye vipande vidogo mno vya ardhi. Polepole, kwa mikopo na mabishano na mikutano mirefu. Tofauti haikuwa simenti. Tofauti ni kwamba Kambi Moto hisani ilisimama nyuma ya mwenye nyumba, na Mathare 4A ilisimama mbele yake.

Hicho ndicho kipimo changu, na nakuomba ukichukue. Shirika lolote linalojiita la makao, liulize swali moja: anayelala humo ana ufunguo? Anaweza kufunga mlango, akamfungia nje hata mfadhili? Kama hana, hayo si makao. Ni maonyesho yenye vitanda.

Jirani yangu? Mgongo ulipoa kiasi, akapata kazi ya kuosha vyombo hotelini, akapanga chumba kingine kule chini karibu na mto. Mtoto mmoja alirudi. Wa kwanza bado yuko home, kwa sababu yuko darasa la mtihani, karo inalipwa na mfadhili, na mama anaogopa kuigusa hiyo bahati. Humtembelea Jumapili ya pili ya mwezi, kwa ruhusa, saa nane hadi saa kumi. Anakaa umbali wa dakika kumi na mbili kwa miguu. Anabisha geti kama mgeni kumwona mwanawe.

Hebu fikiria. Mlikuwa watu kumi na wawili kwenye ile bathdei. Kila mmoja alichanga elfu moja. Elfu kumi na mbili: deni lote la mama huyo, na mwezi mzima mbele wa kupumua, na chenji ya unga. Hakungekuwa na kwaya wala picha. Kungekuwa na mama na watoto watatu ndani ya chumba kidogo chenye joto, kufuli ikiwa upande wa ndani.

Mwezi ujao unatimiza miaka ishirini na tano, na najua chama chenu kishaanza kupanga. Ukija Waithaka, usipite moja kwa moja hadi kwenye ukuta ule mrefu. Simama kwenye ploti yoyote, uliza keateka ni nani aliyebakisha siku mbili. Anajua kila jina. Huwa getini kuanzia tarehe tano, na simu yake inapokea M-Pesa.